Pwani ya Kusini ya Iceland kwa Gari, Hema na Matembezi Juu ya Barafuto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni njia gani hasa mnayoizungumzia, na ina urefu gani?

Ni kipande cha kusini cha Barabara ya 1, ile inayozunguka kisiwa kizima kwa takriban kilomita 1,320. Kutoka Reykjavík hadi mji mdogo wa Höfn ni karibu kilomita 455, lami mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kulia unakuwa na bahari au tambarare za mchanga mweusi. Kushoto kuna milima, maporomoko ya maji, na ndimi za barafu zinazoteremka hadi karibu na barabara. Mzunguko huu ulikamilika mwaka 1974 tu, kwa sababu mito ya Skeiðarársandur, tambarare ya mchanga iliyo kabla ya Skaftafell, ilikuwa haijawekewa madaraja. Ukifika hapo utaona vyuma vizito vya daraja vilivyopindwa na mafuriko ya Novemba 1996. Simama uvitazame, ndivyo vinavyoeleza nchi hii kuliko picha yoyote.

Ukiwa njiani, jipimie hivi: Reykjavík hadi Selfoss kilomita 57, hadi Vík karibu 187. Vík hadi Skaftafell ni kama 140, Skaftafell hadi ziwa la Jökulsárlón 57, na Jökulsárlón hadi Höfn 80.

Siku ngapi zinatosha?

Sita. Wengi hupanga tatu kwa kuwa kilomita 455 ni sawa na safari ya siku moja ya basi kwetu, kisha wanajikuta wanaendesha usiku wamechoka ili wawahi miadi ya matembezi ya barafuto (mto wa barafu unaosogea taratibu). Mpangilio unaofanya kazi ni huu: siku ya kwanza toka uwanja wa ndege wa Keflavík, nunua chakula na gesi Reykjavík au Selfoss, lala kambi ya Hamragarðar karibu na maporomoko ya Seljalandsfoss au ya Skógar chini ya maporomoko ya Skógafoss. Siku ya pili ni barafuto ya Sólheimajökull na ufuko wa Reynisfjara, ulale Vík. Ya tatu nenda Skaftafell, ya nne Jökulsárlón na Höfn. Siku ya tano anza kurudi polepole, na ya sita iache wazi kabisa. Hiyo ya sita ni ya upepo, na mara nyingi utaitumia.

Niende mwezi gani?

Kwa hema, katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Wastani wa mchana wa Julai ni nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 5 au chini kidogo. Ukitaka kuwaona lundi, wale ndege weusi kwa weupe wenye mdomo wa rangi ya machungwa wanaotaga kwenye majabali ya Dyrhólaey, fika kabla ya katikati ya Agosti maana baada ya hapo wamesharudi baharini. Septemba ina rangi nzuri na watu wachache, lakini dhoruba za kwanza huanza na baadhi ya kambi zinafungwa.

Nina pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda. Nahitaji nini?

Viza ya Schengen. Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Bima ya matibabu ya safari lazima ifikie yuro 30,000, na pasipoti iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Anayeishi Uingereza kwa kibali cha huko bado anahitaji viza hii. Anayeishi Ujerumani, Uswidi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali haihitaji kwa matembezi mafupi. Ombi hutumwa kwa nchi utakakolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo kama unaunganisha Iceland na wiki mbili kwa ndugu Denmark, omba Denmark.

Leseni yako inakubalika ikiwa imeandikwa kwa herufi za Kilatini, ina picha, namba na tarehe ya mwisho. Kibali cha kimataifa cha udereva hupunguza maswali kaunta. Kampuni nyingi hutaka umri wa miaka 20 kwa gari dogo, na zaidi kwa magari makubwa. Kadi ya malipo iwe kwa jina la dereva mwenyewe, si la mume, mke au rafiki; hapa ndipo watu hukwama uwanja wa ndege wakiwa na kila kitu kingine.

Nimezoea kuendesha kushoto. Huko ni kulia. Nini hukosewa zaidi?

Barabara yenye magari haikusumbui, kwa sababu unafuata wenzako. Hatari iko asubuhi, unapotoka kambini au kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mkono unakwenda kushoto wenyewe. Bandika kikaratasi cha mshale wa kulia kwenye dashibodi, na abiria wa mbele aseme "kulia" kwa sauti kila mnapoingia barabarani. Ni jambo dogo, nalo huokoa.

Mengine ya kujua kabla hujawasha gari:

Indiketa iko kushoto ya usukani. Ukizoea magari ya Kijapani ya kwetu, siku ya kwanza utawasha waipa kila unapotaka kukata kona. Gia ya mkono unaibadili kwa mkono wa kulia, hivyo kama una hiari, chukua gari la otomatiki.

Kwenye kipilefti chenye njia mbili, aliye njia ya ndani ndiye mwenye haki ya kutoka kwanza. Ukiwa ya nje, mpishe.

Madaraja membamba ya gari moja yanatangazwa kwa kibao cha *einbreið brú*. Aliyelifikia daraja kwanza hupita, mwingine husubiri mbali kidogo. Daraja la Jökulsárlón ni la namna hiyo, na watalii hukanyaga breki katikati yake wapige picha. Usifanye hivyo, maegesho yako pande zote mbili.

*Blindhæð* ni kilele cha kilima usichoona upande wa pili. Kaa kulia kabisa na upunguze. *Malbik endar* maana yake lami inaishia hapo; punguza kabla ya kuigusa changarawe, si baada.

Mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe, 50 mjini. Taa za mbele huwaka saa zote, hata jua likiwa kali. Kondoo wakiwa pande zote mbili za barabara, mwanakondoo ataivuka kumfuata mama yake. Chukulia hivyo kila mara.

Je, nahitaji gari la magurudumu manne ya kuvuta?

Kwa njia hii wakati wa kiangazi, hapana. Barabara zenye herufi F kabla ya namba ndizo za milimani, nazo haziruhusiwi kwa gari la kawaida. Ukiingia na gari la kukodi, bima yako imekwisha. Kutoka nje ya barabara na kukanyaga mchanga au ukoka ni kosa la jinai lenye faini nzito, hata kama umeona alama za tairi za waliotangulia. Mimea midogo ya pale iliyotambaa ardhini huchukua miongo kurudi.

Kwa nini kila mtu anausema upepo kuliko mvua?

Kwa sababu mvua inakulowesha tu. Upepo unang'oa mlango wa gari, unararua hema na kufunga barabara.

Utabiri wa Iceland hutolewa kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa: 10 ni 36, 15 ni 54, 20 ni 72. Ukiona 10, hema lifungwe kamba zote. Ukiona 15, gari la kulala lenye paa refu lisitoke, na mwenye hema atafute kambi yenye ukuta au alale ndani ya gari. Zaidi ya 20 hakuna safari. Tena namba hiyo ni ya wastani. Dharuba za ghafla chini ya milima ya Eyjafjöll na pale Sandfell huko Öræfi, karibu na Skaftafell, huwa kali zaidi, kwa kuwa hewa inaporomoka kutoka juu ya barafu na kubanwa kwenye mabonde. Vibao vya umeme kando ya barabara huonyesha upepo wa sasa na nguvu ya dharuba. Visomeni.

Katika tambarare za Mýrdalssandur na Skeiðarársandur upepo hubeba mchanga na majivu ya volkano. Gari linaweza kuchubuliwa rangi upande mmoja na vioo kugeuka ukungu katika muda mfupi.

Unapoegesha, elekeza pua ya gari kwenye upepo. Fungua mlango mmoja kwa wakati, mkono mmoja ukishika kishikio cha ndani na mwingine ukingo. Mlango wa nyuma wa gari ukifunguliwa huku upepo ukitoka nyuma, bawaba hupinda na mlango haufungi tena. Kampuni nyingi haziilipii hasara hii hata kwa bima kubwa, kwa hoja kwamba ni uzembe wa dereva.

Kila asubuhi kabla ya chai: vedur.is kwa hali ya hewa, umferdin.is kwa barabara, safetravel.is kwa tahadhari. Pakua pia programu ya 112, ambayo hutuma mahali ulipo kwa waokoaji. Namba ya dharura ni 112.

Bima ipi ya gari inafaa?

Ya changarawe hulipia kioo cha mbele kikirushiwa jiwe, tukio la kawaida kabisa. Ya mchanga na majivu ichukueni mkifika mbali kuliko Vík. Ikiwezekana, piga video ya gari zima siku ya kulichukua, ikiwa ni pamoja na rimu na sehemu ya chini ya bampa.

Mafuta nalipaje?

Vituo vingi havina mhudumu. Mashine hutaka kadi yenye namba ya siri, na kabla ya kumwaga mafuta huzuia kiasi kikubwa kwenye akaunti, kisha hurudisha tofauti baada ya siku kadhaa. Kwenye kadi ya kuwekea fedha kabla, hilo linaweza kukufungia pesa ya safari. Chagua kiasi maalumu kwenye mashine badala ya kujaza tangi, au nunua kadi ya mafuta ndani ya duka la kituo. Jaza Vík na Kirkjubæjarklaustur hata kama una nusu tangi.

Naweza kupiga hema popote panapopendeza?

Hapana. Kulala ndani ya gari, gari la kambi au hema la juu ya paa nje ya kambi rasmi hakuruhusiwi bila idhini ya mwenye ardhi, na karibu kila kipande cha pwani ya kusini kina mwenyewe. Maegesho ya maporomoko si kambi. Habari njema ni kwamba kambi ziko karibu karibu, na kwa kawaida huhitaji kuhifadhi nafasi ya hema. Bei huwa takriban krona za Iceland 2,000 hadi 3,000 kwa mtu mzima kwa usiku, maji ya moto ya kuoga mara nyingi yakilipiwa kando. Mnaokaa wiki kadhaa, ulizieni kadi ya kambi ya msimu, ambayo hujumuisha watu wazima wawili na watoto wao, ila si kila kambi huipokea.

Vifaa gani vya kulala, na vigingi vinashika kweli?

Ardhi ya kambi nyingi ni ukoka mwembamba juu ya kokoto. Vigingi vyembamba vya waya vinavyokuja na hema la bei rahisi hupinda kwenye kokoto, au huingia kirahisi na kutoka kirahisi vilevile. Beba vigingi 12 hadi 16 vya alumini vyenye umbo la Y, vya sentimita 18 au zaidi, na nyundo ndogo. Vipige kwa kuviinamisha, kichwa kikitazama mbali na hema, vizame hadi mwisho. Kamba za upande wa upepo ziwekee jiwe juu ya kigingi, lakini mawe uliyoyaokota yarudishe ulikoyatoa.

Upande mfupi na mwembamba wa hema utazame upepo, mlango uwe kinyume. Gari liwe kinga, ila uache nafasi ya mita mbili, la sivyo kitambaa kitapiga bati usiku kucha na kutoboka. Hema liwe la paa mbili, na paa la nje lifike chini kabisa.

Begi la kulalia liwe la kukustarehesha kwenye nyuzi sifuri. Usidanganywe na namba ya chini kabisa kwenye lebo, hiyo ni ya kutokufa, si ya kulala. Watu wengi wanaoganda hapa hawagandi kwa sababu ya begi. Wanaganda kwa sababu ya godoro: ardhi inanyonya joto kutoka chini ambako manyoya ya begi yamebanwa na mwili. Tafuta godoro lenye kipimo cha R (cha kuzuia joto lisipotee) cha 3 au zaidi. Na beba kitambaa cha kufunika macho, kwani Juni hakuna giza.

Gesi ya jiko naitoa wapi?

Huruhusiwi kuibeba kwenye ndege. Nunua ukifika, katika vituo vya mafuta au maduka ya vifaa vya kambi Reykjavík. Mitungi ya kufunga kwa hesi ndiyo rahisi kupatikana. Chagua yenye mchanganyiko wa propani. Butani peke yake huacha kugeuka hewa karibu na nyuzi sifuri, na hata kwenye nyuzi 4 moto wake unakuwa mlegevu kiasi cha chai kuchemka nusu saa. Mtungi wa gramu 230 huwatosha watu wawili wanaopika mara mbili kwa siku kwa siku tatu hivi. Jiko lisiwashwe ndani ya hema, hata mvua ikinyesha: moto uliobanwa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Kambi nyingi zina kibanda cha kupikia.

Barafuto ni nini, na naweza kuipanda mwenyewe?

Ni theluji ya miaka mingi iliyojibana ikawa barafu na kuanza kutiririka kwa uzito wake, taratibu kama uji mzito. Waliopanda Kilimanjaro wameiona karibu na kilele, kwenye mita zaidi ya 5,000. Hapa tofauti ni kwamba ulimi wa Sólheimajökull unaanza karibu mita 100 tu juu ya bahari. Hakuna ugonjwa wa kimo. Mtu aliyetoka Mombasa jana anaweza kutembea leo.

Kuipanda bila mwongozaji, hapana kabisa. Barafu inayosogea hupasuka, na maji ya kuyeyuka huchimba visima vya wima vinavyoshuka makumi ya mita. Njia ya salama ya wiki iliyopita huenda imefunguka leo. Waongozaji huikagua na kuichonga upya ngazi kila siku. Kukaribia ukingo kutoka ziwani mbele yake nako ni hatari, kwa sababu vipande hudondoka bila onyo.

Jambo la kulitazama ukiwa juu: vilima vidogo vyeusi vyenye ncha, vinavyofanana na vichuguu. Sivyo udongo mtupu. Ni majivu ya volkano, mengine ya Katla ya 1918, mengine ya Eyjafjallajökull ya 2010. Yanapolundikana yanaikinga barafu ya chini isiyeyuke, huku barafu ya pembeni ikishuka, hivyo kilima kinabaki kimesimama. Kwaruza kwa ncha ya sururu utaona barafu ya buluu chini ya sentimita chache. Wanafunzi wa shule ya Hvolsvöllur wamekuwa wakipima kurudi nyuma kwa ulimi huu tangu 2010. Mahali walipoanza kupimia sasa ni ziwa.

Nivae nini, na kramponi zinafungwaje?

Kampuni hutoa kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu), kofia ngumu, mkanda wa kiunoni na sururu ya barafu. Wewe njoo na buti zinazopita kifundo cha mguu zenye soli ngumu. Raba haifai: soli yake inajikunja, kramponi inachomoka. Buti hukodishwa pale pale.

Vaa tabaka: fulana ya sufu au ya kitambaa cha michezo, sweta, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Jinzi na pamba viacheni. Vikilowa vinakaa na maji na kunyonya joto lako. Glavu hata kama hujisikii baridi, kwa sababu barafu iliyo wazi hukata ngozi kama chupa iliyovunjika unapoanguka ukiegemea mkono.

Kramponi ya kulia na ya kushoto ni tofauti: vifungo vikae upande wa nje wa mguu, na mkia wa mkanda uchomekwe ndani usiburute. Baada ya dakika kumi za kutembea simama ukaze tena, kwa maana mkanda hulegea ukilowa. Tembea miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga, ukikanyaga bapa ili meno yote ya chini yaingie kwa pamoja. Kosa la kawaida ni kukanyaga kwa ukingo wa kiatu kama mtu anayeteremka kwenye matope. La pili ni suruali pana: jino linashika pindo la mguu wa pili na mtu anaanguka kifudifudi. Chomeka suruali ndani ya soksi.

Sólheimajökull au Skaftafell?

Kama unaendesha kutoka Reykjavík na una nusu siku, Sólheimajökull. Barabara ya 221 inakufikisha ndani ya kilomita 4 hivi kutoka Barabara ya 1. Kama unalala Skaftafell, matembezi ya huko huenda Falljökull, ambako barafu inaporomoka kutoka mlimani kama ngazi za jengo lililobomoka, na ni safi zaidi. Sisi tungechagua Falljökull. Svínafellsjökull iliyo jirani iliachwa na waongozaji mwaka 2018 baada ya ufa mkubwa kugunduliwa mlimani juu yake.

Matembezi ya saa tatu yanamfaa mtu yeyote anayeweza kupanda ngazi za ghorofa nne bila kupumzika. Watoto hukubaliwa kuanzia miaka 8 au 10 kutegemea njia, kwa kuwa walio wadogo zaidi kramponi haziwakai.

Na mapango ya barafu?

Ni ya majira ya baridi. Agosti 2024 barafu ilianguka Breiðamerkurjökull na kumuua mgeni mmoja. Joto la kiangazi hulegeza dari. Asiyekubali kungoja Novemba asiende.

Reynisfjara na Jökulsárlón zina hatari gani?

Reynisfjara ina mawimbi yanayokuja tulivu sita au saba, kisha moja linapanda makumi ya mita ufukoni na kurudi likimvuta mtu. Mtoto wa pwani ya Lamu anayejua kuogelea hana faida hapo: maji ni baridi na mkondo unavuta chini. Kuna taa za tahadhari kwenye njia ya kuingilia. Nyekundu ikiwaka, baki juu. Usiipe bahari mgongo, hata kwa picha.

Jökulsárlón, usikanyage vipande vya barafu vilivyo ukingoni. Sehemu kubwa iko chini ya maji, na kikiyeyuka upande mmoja kinabiruka.

Simu imepokea ujumbe wa kuondoka eneo hilo. Nifanye nini?

Ondoka. Chini ya barafuto ya Mýrdalsjökull, juu ya Vík, kuna volkano ya Katla, na joto lake huyeyusha barafu hadi maji yanapasuka nje kwa ghafla. Julai 2011 yalibeba daraja la Múlakvísl, na Julai 2024 yakakata Barabara ya 1 kwenye mto Skálm. Panda mahali pa juu, mbali na mito. Vík watu hukusanyika kwenye kanisa la kilimani. Harufu kali ya mayai viza kando ya mto ni gesi: usishuke kwenye bonde hilo.

Swala na kibla?

Kibla kutoka pwani hii ni mashariki ikiinama kidogo kusini, karibu nyuzi 106 ukiwa Reykjavík hadi 113 ukiwa Höfn, zikihesabiwa kutoka kaskazini halisi, si ile ya sumaku ya dira. Mwishoni mwa Juni jua huzama Reykjavík karibu saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, hivyo usiku kamili haupo. Chukua ratiba ya misikiti ya Reykjavík kabla ya kuondoka mjini, na jambo la isha na alfajiri muulize shekhe wako mapema. Kwa chakula, samaki ni rahisi kupata kila mji.

Maji ya kunywa ninunue?

Usinunue. Ya bomba la baridi ni safi. Ya moto yananuka kiberiti maeneo mengi kwa kuwa yanatoka ardhini. Oga nayo, chai pikia ya baridi.

Gesi iliyobaki nifanyie nini?

Kambi ya Reykjavík ina rafu ya vitu vya kuachiana: mitungi iliyotumika nusu, chumvi, mchele, vigingi. Ipitie siku ya kwanza kabla ya kununua, na uiachie siku ya mwisho. Jiko lenyewe lisafishe na kulikausha vizuri kabla ya kulifunga, maana likinuka gesi litatolewa kwenye begi uwanja wa ndege.